Wimbo Nilioutunga Kisimani

Jumanne, Novemba 1986. Manyunyu tangu asubuhi. Udongo umelowa vizuri, siku ya mtu kushukuru Mungu na kutafuta jembe.

Mimi nimekaa jikoni na hili daftari. Sina raha.

Wacha nianze na mazuri, hayo sichoki kuyasema. Mutheu wangu ndiye ofisa wa misitu hapa kwetu. Msichana! Mimi niliyeachia shule darasa la nne nimezaa mtu anayevaa buti za serikali, na wazee wenye mvi wanamwita madam. Mji mzima wa Sultan Hamud unajua, kwa sababu niliyewaambia ni mimi.

Mutheu anataka kuurudishia mlima wetu miti, kuanzia kisimani, pale kwenye mkuyu wa zamani wa matambiko, ambao hata sisi watu wa kanisa hatuthubutu kuutia shoka. Na alisema wazi kwamba hiyo kazi si ya Wakamba peke yao. Akaenda mara mbili nyumbani kwa Halima, mke wa mchuuzi wa ng'ombe, kuwaomba Wasomali wa mjini waje. Familia zao ni chache hapa. Kukiwa na mkutano wa maji au wa miti, huwa hatuwaiti. Tunawakumbuka tu siku mbuzi wao wamekula mche.

Halima alikubali. Akaahidi kwamba wakati wa kiangazi punda wao watabeba maji ya kunyweshea miche. Bila hao punda, miche yote itakauka kabla ya mvua nyingine. Sote tunajua hivyo.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Tulienda mwethya, ile kazi yetu ya pamoja ya akina mama, na kwenye mwethya hakuna kuchimba kimya. Lazima kuwe na mwimbishaji anayetunga maneno papo hapo, anamsifu mwenye bidii, anamchokoza mvivu, na wengine wanaitikia. Mwimbishaji ni mimi. Kutoka Salama hadi Tawa, nionyeshe mwingine.

Tulipofika tulimkuta Halima na wenzake wanne tayari wako pale, leso zimefungwa viunoni. Mutheu akawakimbilia, akawashika mikono, akacheka nao. Mimi mama yake akanisalimia baadaye.

Nitasema ukweli, hapa hakuna anayenisikia. Niliona wivu.

Basi nikaanzisha, kwa Kikamba. Niliimba kwamba tunapanda na mbuzi wa mgeni wanatuangalia, wanalamba midomo, wanauliza chakula kitaiva lini. Akina mama wakaitikia, "Kitaiva lini?" Nikaongeza kwamba mgeni amekuja kuhesabu miche ili awape mbuzi ripoti. Rafiki yangu Syokau akaangusha jembe, akashika mbavu.

"Wee Mama Mutheu, utatuua!"

Nilivyoona wanacheka, nikaimba zaidi.

Halima hakuinua kichwa. Alimaliza shimo lake, akapanda mche wake, akaushindilia udongo kwa kisigino kama mtu asiye na haraka. Akaenda kunawa kwenye lile birika la mawe linalonywesha mifugo ya kila mtu. Halafu akaja mpaka mbele yangu, akaongea Kikamba safi, safi kuliko cha watoto wangu.

"Mama Mutheu, hili birika alilijenga babu yangu. Mawe aliyaleta na punda. Mama yako alikuwa akifua hapa, na hakuna aliyemwuliza ametoka wapi. Mbakie na kazi njema."

Wakaondoka wote watano. Miche yao ikabaki imepangwa kwenye mikebe, haina mtu.

Miaka yote hiyo nimekuwa nikinunua sukari kwa duka la kaka yake. Halima akiwa nyuma ya kaunta, namwongelesha Kiswahili, polepole, kama mtu aliyeshuka jana kwa treni. Sikuwahi kumwuliza amezaliwa wapi. Amezaliwa hapa hapa.

Mutheu hakunigombeza. Alisema tu, "Mwaitu, mama yangu, mimi nimewaita, wewe umewafukuza." Leo ametoka bila kunywa chai.

Kwa hivyo asubuhi nikabeba kikapu cha ndizi nikaenda kwa Halima. Nilijua nitafungiwa mlango. Wapi! Alinikalisha, akanipa chai yenye hiliki, akauliza mvua imefikaje upande wetu. Nikamwomba msamaha na machozi yakanitoka, na huwa silii ovyo.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, dada. Lakini hapa nyumbani kwangu hukunikosea. Ulinikosea kule, na watu wakaitikia."

Nikamwuliza kama watakuja Alhamisi, tunaporudi kumalizia. Akasema punda wana kazi nyingi. Akanirudishia kikapu changu kikiwa na sukari ndani.

Hiyo sukari imenichoma kuliko matusi.

Sasa tangu nirudi ninatafuta maneno ya wimbo wa kumsifu. Mimi ninayetunga nikiwa nimeinama na jembe mkononi, leo nimekaa chini na sipati hata mstari. Kumcheka mtu kulinijia kama kupiga chafya. Kumsifu kumekataa kutoka, kwa sababu namjua kidogo sana. Nimepata babu, nimepata punda, nimepata mawe. Hata jina la huyo babu sikuuliza.

Kesho nitarudi kwa Halima niulize, bila ndizi. Na Alhamisi nitasimama pale pale kando ya birika, nianze na jina hilo, mbele ya wale wale waliocheka. Halima anaweza kuwa hayupo. Syokau anaweza kuniangalia kama nimerukwa na akili.

Nikiimba na wasiitikie, nitaweza kuendelea peke yangu?