Alama Moja Kusini ya Ikweta

Kisumu, Jumatano, likizo ya Agosti 1996

Joto limekazana tangu asubuhi na mvua inatisha tu, hainyeshi. Kichwa changu nacho ndivyo kilivyo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani tunasema Dholuo na ofisini Kiingereza, na jambo hili sitaki lisikike nyumbani wala ofisini.

Nimekosea. Na kosa langu limempendeza kila mtu.

Kwenye mradi wa samaki ninakofanya kibarua likizo hii, tunahamisha ramani za ziwa kutoka karatasi kwenda kwenye kompyuta. Mimi napiga namba za mpaka wa Kenya na Uganda, nukta moja moja. Zilizo kusini ya ikweta huanza na alama ya kutoa; za kaskazini hazina. Mahali pengine duniani ukisahau alama hiyo, nchi itarukia bara lingine na watu watacheka. Sisi ikweta iko mlangoni. Nukta inasogea kidogo tu, inaangukia majini, na maji yote yanafanana.

Nilisahau moja. Mpaka ukapinda kama goti kuingia Uganda, na hakuna aliyeona.

Halafu akaja Anko Okoth, kaka ya mama, mvuvi wa Port Victoria. Askari wa doria wa Uganda walikuwa wamempiga makofi wakachukua nyavu na injini ya mashua, eti amevuka mpaka. Bwana Wafula, mkubwa wetu, akamwambia aonyeshe kwenye skrini alipokuwa ametega. Anko akahesabu visiwa, akaweka kidole. Ndani ya Kenya kabisa!

"Mzee, ulikuwa kwako!" Bwana Wafula akapiga meza. "Hawa jamaa wamekuibia sebuleni!"

Akatia nukta nyekundu pale pale, akamchapia ramani. Anko akaikunja kama cheti cha ubatizo, akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, si hii ndiyo kazi yako?"

Nikasema ndiyo. Nilifurahi sana, sitadanganya.

Leo nilikuwa nalinganisha namba zangu na orodha ya karatasi ndipo nikaiona. Nikaweka ile alama. Goti likanyooka. Nukta nyekundu ya Anko ikabaki ng'ambo, upande wa Uganda.

Nilisimama mbele ya Bwana Wafula mpaka akachoka. "Ongea, Achieng, hapa si kanisani."

Nikasema kuna nukta ilikuwa imekosewa, nimeirekebisha. "Macho ya tai haya!" akasema, kisha akamlaumu karani aliyeacha kazi mwezi wa sita. Ramani ya Anko hata hakuikumbuka.

Nami nikarudi kwenye meza yangu.

Mama amesema Ijumaa Anko anaipeleka ramani kwa DO, afisa wa tarafa, kudai nyavu na injini yake. Na vijana wawili wa ufuoni kwake wataenda kutega pale pale, maana kompyuta imesema ni kwetu.

Sielewi kitu. Kumbe wale askari walikuwa na haki? Na yale makofi je, nayo ni haki? Shuleni ukisharekebisha kosa unapata alama zako, mambo yamekwisha. Hili nimelirekebisha na ndiyo kwanza yanaanza. Mstari umenyooka, na mimi ndiye niliyemsukuma Anko upande wa pili.

Kesho siendi ofisini. Nitapanda gari la kwanza kwenda Port Victoria na ramani mpya, kabla wale vijana hawajaingia majini. Nitasema ni mkono wangu, si wa karani. Bwana Wafula nitamwambia nikirudi.

Siogopi kwamba Anko atanigombeza. Naogopa atanisikiliza mpaka mwisho, anishukuru, kisha aichukue ile ramani ya zamani na kuniambia, "Basi, nyathina, hii nyingine usimwonyeshe mtu."

Mimi ambaye hata ofisini nimeshindwa kufungua mdomo, nitamkatalia vipi?