Bipu ya Tatu, Kutoka Darajani

Mwaka umetimia, Changarawe, tangu utoke na baiskeli yako asubuhi ya Jumamosi ukimwambia mkeo, "Bosi, narudi kabla ya chakula," ukaja kurudishwa na watu wengine. Tunakuandikia kama tulivyozoea kuongea nawe, kwa kelele kidogo, maana nyumba kimya hukuipenda. Aliyeshika kalamu ni dada yako mkubwa, yule uliyesema anaongea kama redio iliyoharibika swichi. Basi vumilia.

Fundi wa baiskeli wako wengi, lakini wewe mtu akileta pancha ulimpa na safari. Kabla hujagusa tairi ulishamuuliza: "Njia ya changarawe umeshaipita?" Akisema hapana, ungeweka bisibisi chini uanze kumchorea kwa chaki sakafuni: hapa ufukwe, hapa msitu, hapa kinamasi na daraja la mbao, kilomita arobaini na mbili bila kukutana na gari hata moja. Wateja walikuita Changarawe kwa kukutania, nawe ukalipenda jina kuliko lile la kitambulisho.

Viraka vyako ulivikata mviringo, hata mtu awe na haraka namna gani. "Chenye pembe kinabanduka," ulisema, na ukikuta cha fundi mwingine chenye pembe ulikibandua mwenyewe ili kuthibitisha. Jioni ukifunga ule mlango wa bati la bluu, pampu uliiacha nje, imefungwa kwa kamba, anayewahi kazini asikungoje. Iliibiwa mara mbili. Ukanunua nyingine, ukafunga kamba nyingine, na sisi tukakuita mkaidi.

Lakini njia ile hukuipata kwa kupenda upepo tu. Uliipata kwa sababu ya mkeo.

Duka lako liko mbele ya nyumba, kwenye kona ya malori ulikopita na baiskeli, na kila breki ilipolia, mkeo aliacha cherehani akachungulia dirishani. Alikonda kwa hofu, hatutanii. Ndipo siku moja ukaja unang'aa: umegundua njia iliyofungwa kwa nguzo tatu za chuma mwanzoni, baiskeli inapenya, gari halipiti. "Bosi, huko gari halifiki," ulimwambia. "Nitagongwa na nani, kaa?"

Alicheka, ila hakutulia. Kwa hiyo mkaweka mpango wa bipu. Ya kwanza ufukweni, njia inapoachana na mchanga. Ya pili ukitoka msituni. Ya tatu pale darajani, katikati ya matete. Mlio mmoja, unakata, na yeye hapokei. Mara moja alijisahau akapokea, ukalalamika hadi jioni: "Bipu ikipokelewa inakuwa simu! Nami sina cha kusema!" Tulikucheka mpaka watoto wakaanza kukuigiza mezani.

Miaka kumi na moja hakupokea tena. Simu aliiweka dirishani karibu na cherehani, akashona sare za shule, na saa yake ilikuwa kola. Kati ya bipu ya kwanza na ya pili alimaliza kola nne. Kati ya ya pili na ya tatu, kola tatu. Ya tatu ikilia, mabega yake yalishuka, akaenda kukuwekea maji ya kuoga jikoni.

Siku ile bipu ya tatu ililia, haikukatika. Mlio wa pili, wa tatu, wa nne, hadi ikajizima yenyewe. Mkeo alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa, akamwambia dada yako, "Changarawe leo kasahau kukata." Tukacheka. Bipu tatu zimetimia, akaenda kuweka maji.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi, tusimsingizie mtu. Likafika kwenye nguzo tatu, likasimama. Mkata matete mmoja ndiye aliyekukuta darajani na kuliita, na ndiye aliyekutoa kwa mkokoteni wake, yeye na wenzake wawili, wakikimbia juu ya changarawe ile uliyoisifu. Daktari alimwambia mkeo kwamba ni moyo, na kwamba hata angepokea simu isingebadilisha kitu. Mkeo alisikiliza, akasema asante daktari, na hakuamini.

Tangu hapo simu yake ilikaa kwenye droo ya nyuzi, imezimwa sauti. Anayemtaka alimpigia dada yako, na dada yako akavuka uani kupeleka salamu. Mwaka mzima nimekuwa simu ya mezani, mdogo wangu, na magoti yangu unayajua.

Sasa tukuambie ya Jumamosi iliyopita, ndiyo sababu ya maneno kuwa mengi.

Kitindamimba wako, binti yako, ndiye anayefungua mlango wa bluu siku hizi. Viraka anakata mviringo. Wiki iliyopita aliishusha baiskeli yako ukutani, akasema, "Mama, Jumamosi napita njia ya baba. Nitakubipu."

"Usinibipu."

"Basi ukae bila kujua nilipo?"

"Usiende."

"Mama, tairi zinapasuka kwa kukaa tu. Na mimi pia."

Asubuhi ya Jumamosi mkeo aliamka kabla ya wote, tukamkuta amechuchumaa ukumbini, anakaza nati zilizokwisha kukazwa. "Breki?" "Nimejaribu." "Tyubu ya akiba?" "Mbili." "Maji? Mkate? Koti?" "Mama, naenda kuendesha baiskeli, sihami." Saa moja msichana akatoka. Mkeo akafungua droo, akatoa simu, akaipandisha sauti hadi mwisho, akaiweka pale pale dirishani. Alijaribu uzi mara tatu, haukuingia kwenye sindano. Dada yako akamtungia.

Bipu ya kwanza ilikuja vizuri. Mlio mmoja, kimya. Ufukweni.

Kola ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Simu kimya. Ya tano.

"Wifi, hii kola ya ngapi?"

"Ya nne," dada yako akadanganya.

"Muongo. Ya nne iko pale chini."

Ya sita aliishona juu chini. Kwa sauti ndogo akaanza kuhesabu vinavyoweza kumpata mtu msituni: mzizi, tawi, jiwe, mnyororo kukatika. Hakutaja moyo. Dada yako akaichukua ile kola ya sita, akaanza kuifumua. Kwenye kola ya saba simu ikalia mara moja, ikakata. Baadaye tuliambiwa mti ulikuwa umeanguka njiani, msichana akaibeba baiskeli begani na kupita vichakani. Wakati ule hatukujua kitu. Tulikunywa maji tu.

Ikabaki ya tatu.

Hapo mkeo aliacha kushona. Alisimama na simu mkononi, macho juu ya kioo chake, na dada yako akasema keti, wifi, ukisimama hatafika haraka zaidi. Hakuketi. Nje lori lilipiga breki na hakugeuka kuangalia, mara ya kwanza tangu tumjue.

Simu ikalia.

Dada yako alingoja ikatike. Mkeo hakungoja. Mlio wenyewe haujaisha, ameshapokea. "Uko wapi? Umeanguka? Sema!"

"Mama! Umepokea! Hii si bipu?"

"Najua ni bipu. Sema."

"Sina cha kusema. Niko darajani tu."

"Sema hivyo hivyo kwamba huna cha kusema. Nasikiliza."

Msichana akaanza kusema anachokiona: matete yamekatwa upande mmoja, vyura wanapiga kelele, ubao mmoja umelegea. "Na kwenye mkono wa daraja, Mama, kuna kiraka. Mviringo. Kimegandishwa kwa gundi. Kabla sijakupigia nilisogea hatua mbili, mtandao ukapotea. Niliporudi hapa, ukakaa."

Kumbe, Changarawe! Miaka yote hiyo ulikuwa umeweka alama mahali simu inaposhika, ili mtu wa nyumbani asikose bipu yake. Na hukutuambia. Mkeo aliketi sakafuni, juu ya kola, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, na simu ikiwa sikioni.

"Kishike," alimwambia mwanao.

"Nimekishika."

"Usikate."

Hakukata. Alianza kusukuma baiskeli na simu sikioni, hatua mbili tu mtandao ukaisha wenyewe, na alipofika kwenye nguzo tatu akapiga tena, na mama yake akapokea tena.

Nyumbani kwako sheria imebadilika, hukuulizwa, utusamehe. Bipu sasa inapokelewa. Hatujui siku ile ulitaka kutuambia nini kwa mlio mrefu vile. Huenda ulikuwa huna cha kusema. Hata hicho tungekisikiliza.

Unakumbukwa na mkeo, uliyemwita Bosi. Na mwanao wa kwanza aliye mbali, anayepiga kila Jumapili na kupokelewa. Na kitindamimba wako wa mlango wa bluu. Na mkata matete, ambaye sasa ni ndugu yetu. Na dada yako, mwenye redio. Pampu iko nje, kwenye kamba.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote. Na simu ikilia, Changarawe, tunapokea.