Mizani Haikukosea

Jumapili, Julai 2007. Kileleshwa kuna baridi na manyunyu tangu asubuhi. Jua hatujaliona kwa siku ya nne.

Baridi hii ndiyo inayonitesa. Julai mwaka jana, siku kama ya leo, ndipo nilipotengeneza zile risasi.

Kwa usiyenijua: mimi ni mfamasia, duka langu la dawa liko Parklands. Burudani yangu ni kulenga shabaha, na leseni ninayo. Risasi nilikuwa nazijaza mwenyewe, kwa kibali. Unachukua ganda lililokwisha kutumika, unalitia kitakoni fataki mpya, kile kidude cha kuwashia baruti, unapima baruti, kisha unabana kichwa cha risasi mdomoni. Rafiki yangu Mwangi, anayeuza ng'ombe Dagoretti, alikuwa hataki za dukani kabisa.

"Mimi nataka za daktari," alikuwa akiwatambia wenzetu klabuni. "Huyu mtu hupima dawa ya watoto. Hawezi kosea."

Nilivimba kichwa, sitadanganya.

Nilizijaribu siku ya manyunyu, baruti ikiwa karibu na kiwango cha juu kabisa. Zilipiga vizuri mno. Nikajaza sanduku langu na la Mwangi kwa kipimo hicho hicho, nikaona kazi imekwisha.

Januari tukawa kwenye uwanja wetu nje ya mji, upande wa Kajiado, kwenye jua la kukausha mate. Mwangi aliliacha sanduku lake juu ya dashibodi ya pikapu asubuhi nzima. Alipofyatua ya tatu, bolti, lile komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, ikakataa kufunguka. Akaipiga kofi la kiganja, ikafunguka kwa shida. Wenzetu wakacheka, maana klabuni kwetu kuipiga bolti kofi ni mzaha wa siku zote.

"Hii bunduki ni mzee, daktari," akasema. "Ata mimi goti yangu asubuhi inataka kofi kwanza."

Niliokota ganda lake. Fataki huwa na kingo za mviringo; hii ilikuwa imelala bapa kama kitufe kilichopigwa pasi. Kando yake palikuwa na alama ndogo inayong'aa, pale shaba ilipobanwa kwenye uso wa bolti. Kila anayejaza risasi hufundishwa alama hizo mapema kabisa. Pamoja na bolti iliyokwama, maana yake ni moja: presha imezidi. Unaacha hapo hapo, hufyatui nyingine, unazivunja zote na kuanza upya kwa baruti kidogo zaidi.

Mimi nililitia ganda mfukoni, nikacheka na wengine.

Nyumbani nilivunja risasi tano za sanduku langu, nikapima baruti upya. Kipimo kilikuwa sawasawa. Mizani haikukosea, nikajiambia, basi kosa ni la bunduki. Kila siku nawaambia wateja wasiweke dawa juani. Baruti nayo ikishika joto hulipuka kwa nguvu zaidi, na hilo nilikuwa nimelisoma. Kipimo cha Julai hakikuwa cha Januari. Nilijua, lakini nilitaka mizani iwe imenitetea.

Wiki nne baadaye Mwangi alifyatua risasi moja tu ya sanduku lake. Fataki ikatoboka, gesi ya moto ikarudi nyuma. Miwani ya kinga alikuwa ameivua kupangusa jasho.

Jicho la kulia halikuokolewa.

Lawama zote zikaenda kwa bunduki. Ilikuwa ya marehemu babake, aliyelinda nayo ng'ombe Laikipia. Mwangi mwenyewe, kichwa kimefungwa bandeji, aliniambia hospitalini, "Si nilikuambia ni mzee?" Nikanyamaza. Machi akaamua kuisalimisha kwa polisi iharibiwe, isije ikamuumiza mwingine. Mimi ndiye niliyemwendesha hadi kituoni. Mimi ndiye niliyeibeba kutoka garini.

Majuto ni mjukuu, husema wahenga. Wangu amehamia kwangu kabisa. Ganda lile lilikaa kwenye droo ya duka, chini ya risiti, na kila mteja anayegonga kaunta kwa kiganja alinishtua. Naogopa makofi, mtu mzima mimi.

Jana Mwangi akanipigia simu. Amepata sanduku lake nyuma ya kiti cha pikapu, limebaki na risasi kumi na nane. Shemeji yake anaenda uwanjani wiki ijayo. "Nataka nimpatie, daktari. Kitu yako isiharibike bure."

Sikulala.

Leo baada ya kanisa nilienda Dagoretti. Mkewe aliniletea supu, sikuigusa. Niliomba sanduku kwanza, nikaliweka miguuni pangu. Kisha nikatoa ganda, nikaliweka mezani na kumwonyesha fataki na ile alama. Nikamweleza Januari, na dashibodi, na mizani, na jinsi nilivyonyamaza hospitalini. Aligeuza kichwa chote ili alitazame kwa jicho lililobaki. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Kwa hivyo bunduki ya mzee wangu haikuwa na makosa?"

"Haikuwa."

"Na nikaipeleka ikakatwe."

Hakusema lolote kuhusu jicho. Alilifumbata ganda, akaniambia nimwachie. Nikamwachia.

Jioni hii nimezivunja zote kumi na nane. Kwa kila moja nimeng'oa kichwa na kumwaga baruti. Jumamosi nitasimama mbele ya klabu niseme kosa lilikuwa la nani. Kama watanifukuza, wanifukuze.

Urafiki wetu sijui kama upo. Kule kwake, nilipokuwa nimeshika mlango nitoke, Mwangi aliniita.

"Daktari. Siku ile kwa polisi, uliibeba aje? Mimi sikuwa naona vizuri."

Nikamwambia niliibeba kwa mikono miwili.

Akatikisa kichwa kukubali, kisha akageukia ukuta.