Ukuta wa Mama Aika

Jumamosi. Jua kali kutwa, upepo hakuna, jasho limenikaukia mwilini na wala sijali. Leo tumeshinda.

Niandike tangu mwanzo, furaha isije ikanichanganya.

Sisi ni kina mama wanne wa ushirika wa kushona sare za shule. Chumba chetu kiko kichochoroni huku Mchafukoge, dirisha ni moja, nalo linatazama ukuta wa jirani. Umeme hakuna. Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja kutoka ofisi iliyotupa chumba. Akasimama mlangoni, akatutazama tulivyoinamia cherehani kama tunazinusa.

"Ndugu zangu, giza hili si la kushonea," akasema. "Mtapofuka. Nitarudi Jumamosi. Nikikuta hali ni hii hii, chumba kitakuwa ghala."

Wenzangu wakanigeukia mimi, mwenyekiti wao. Nilitoka Lindi sina kitu ila cherehani yangu, na chumba hiki kikienda sina pa kuiweka.

Jioni ile nikaenda darasani, elimu ya watu wazima, ilimradi nisikae nyumbani kuwaza. Mwalimu akafundisha habari za jua. Akasema jua haliunguzi kuni wala mkaa. Ndani yake kabisa gesi inabanwa kwa nguvu kubwa mno mpaka chembe zake zinaungana, na humo ndimo joto na mwanga vinamozaliwa. Mwezi hauna mwanga wake. Kiti hakina, ukuta hauna, hata uso wa mtu hauna. Vyote vinapokea mwanga na kuurudisha, ndipo tunaviona. Cheupe hurudisha mwingi. Cheusi huumeza.

Pale pale darasani nikauona akilini ukuta wa Mama Aika, ule unaotazamana na dirisha letu.

Mama Aika ni Mchaga, anakaanga maandazi pale kichochoroni, na moshi wa jiko lake umeupaka ukuta ule masizi mpaka juu. Tumegombana sana kwa huo moshi, maana unaingia kwenye vitambaa. Salamu zetu zilikuwa za kuguna.

Asubuhi yake nikapiga hodi kwake. Nilivyokuwa naogopa, Mungu ndiye ajuaye. Nikamwomba ruhusa tuupake ukuta wake chokaa.

"Ukuta wangu ukiwa mweupe," akauliza, "mimi nitapata nini?"

Nikamwomba ngazi tu, nikatundika shuka langu jeupe pale juu linapopiga jua la asubuhi, kisha nikamshika mkono nikamwingiza chumbani kwetu. Palikuwa pamepambazuka. Si kama taa, lakini uzi unaonekana. Mama Aika akatazama dirisha, akatazama cherehani. Halafu akatoka nje, akainua uso kuutazama ukuta wetu sisi, nao umeota ukungu mweusi.

"Na huu je? Jua la alasiri linapiga hapa. Mkiupaka na huu, na mimi nitapata mwanga."

Ukuta wetu sikuwa nimeufikiria hata kidogo. Nikaona aibu, nikacheka, naye akacheka.

Chokaa alitupa shemeji yangu, fundi mwashi, iliyombakia kwenye kazi ya Msimbazi. Tukasugua masizi kwa makumbi ya nazi na majivu, tukapaka, ikakauka, tukapaka tena. Mama Aika juu ya ngazi, kanga kaifunga kiunoni, kushuka hataki. Jiko akalihamishia uani bila kuombwa.

Leo bwana wa ofisi amefika jua likiwa limeshapanda. Akasimama pale pale mlangoni.

"Mmeingiza umeme?"

"Hapana, ndugu. Ni ukuta wa jirani."

Hakuelewa. Nikamwita dirishani. Akautazama ule weupe mpaka akafinya macho. Akachukua kaptura niliyokuwa naishona, akaigeuza ndani nje, akafuata mshono kwa kidole.

"Fanyeni kazi, kina mama," akasema. "Ghala litatafutiwa pengine."

Alipokata kona tu, vigelegele. Aliyeanza ni Mama Aika.

Alasiri akaniita kwake. Miaka yote hii sijawahi kukanyaga chumba kile. Ukuta wetu ulikuwa unang'aa huko nje, na mwanga umeingia mpaka kwenye picha ya marehemu mumewe. Akaniambia tangu aitundike hajawahi kuuona uso wa mumewe vizuri pale ukutani. Tukanywa chai tukiitazama. Alikuwa mwanamume mwenye masikio makubwa. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Jumatatu, kabla sijagusa sare hata moja, nitamkatia Mama Aika gauni. Hajaniomba.

Ninachojiuliza usiku huu ni rangi tu.