Kisu cha Binti Yangu Kiko Tayari, Nami Namwambia Bado

Bi Fatema mpendwa,

Pokea salamu za mama wa Kabiria, naomba unishike mkono maana nimejiingiza mahali sijui nitatokaje, na usiangalie mwandiko, shule niliacha mapema, lakini nitaeleza yote pole pole.

Mimi kazi yangu ni kunoa visu. Mashine ilikuwa ya marehemu mzee wangu, ile ya kukanyaga na mguu, alipofariki nikaishika mimi, nanolea watu wa bucha na wasichana wanaofanya kazi kwa manyumba ya Lavington, na Mungu akanisaidia nikasomesha mtoto wangu mmoja tu niliye naye, Wanjira, sasa ni mzimamoto hapa mjini na amepanga chumba Woodley ili awe karibu na kazi. Hapa nyumbani nimebaki mimi na mashine.

Sasa alipoanza hiyo kazi akanunua kisu cha kukunja, ile ya kukata mshipi wa gari mtu akikwama kwa ajali, akaja nacho siku yake ya kupumzika akilalamika. Ati ukivaa glavu huwezi kukifungua, tundu la kidole ni dogo, mpini unateleza ukishika mafuta ama damu, na ncha ni kali sana, alikuwa amekata mshipi kifuani mwa mtoto akiogopa atamdunga. Nikamwambia lete. Ile ncha niliiviringa kwa jiwe la maji, na mkono, maana mashine inachoma chuma kinakuwa laini, nikapanua tundu kwa tupa, nikaweka kichuma kidogo cha kusukuma na kidole gumba, mpini nikaufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli. Yeye ameketi hapo kando yangu na glavu zake, anafungua anafunga, mimi nauliza sasa, yeye anasema bado inakwama, narudia tena. Tulisahau hata chakula jikoni kikaungua, na Wanjira akacheka vile nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tumzike baba yake.

Wenzake walipokiona wakataka pia. Mwanzo alikuwa analeta visu vyao yeye mwenyewe, kwa hivyo kila akipumzika namuona, nikawa mtu wa furaha, hata majirani walisema nimenona. Halafu kazi ikawa mingi, akaanza kumtuma Lenox, kijana wa zimamoto mwenzake mwenye pikipiki. Lenox ni mtoto mzuri, ananiita mathe, lakini hata helmeti hatoi kichwani, anaacha mfuko wa visu mlangoni na anachukua ule mwingine, ameenda. Visu vinakuja, mtoto haji.

Ndipo kisu cha Wanjira mwenyewe kikaletwa, loki imelegea, na loki ikilegea kinaweza kujifungia kwa vidole. Nilikitengeneza siku hiyo hiyo, Bi Fatema. Lenox alipokuja nikamwambia bado. Nikasema nangoja skrubu ya saizi hiyo kutoka Gikomba, kisha nikasema fundi wa skrubu amesafiri, kisha nikasema jiwe langu limepasuka. Nilifikiri ataona ni muda mrefu aje mwenyewe kuuliza. Hakuja. Lakini alikuwa anapiga simu, "Mum, bado tu?" na mimi nasikia sauti yake, nikaona hata hiyo si haba, nikaendelea.

Juzi akanipigia akanieleza kumekuwa na ajali Ngong Road, mwanamke amebanwa na mshipi, gari linatoa moshi, na yeye ndiye alikuwa karibu naye lakini hana kisu, ikabidi amngoje mwenzake azunguke kutoka upande ule mwingine. Huyo mama alitolewa salama. Wanjira hata hakunilaumu. Alisema tu, "Si neno, mum. Muulize tu huyo fundi ni lini."

Kisu kiko kwa mkebe wa majani ya chai, nikiwa napika nakitoa nakifungua nakifunga, kile kimlio cha loki kinanifanya nione kama kuna mtu ndani ya nyumba. Nikimpa Lenox nikasema kimeisha, hakuna atakayejua, lakini simu zake zitaisha, nami nitarudi kukaa peke yangu nikisikiliza redio ya jirani. Nikisema ukweli naogopa Wanjira hataamini mkono wangu tena, na wenzake watatafuta mtu mwingine, nitakuwa nimepoteza vyote. Nimpe Lenox ninyamaze, ama niseme? Nisaidie.

Mama wa Kabiria

MSHAURI ANAJIBU

Mama, jina la binti yako na la huyo kijana wa pikipiki nimeyabadilisha kabla ya kuchapisha, ili habari hii aisikie kwako wala si kwa gazeti. Maana utamwambia.

Kwanza nikugombeze. Mtoto wako ameinama ndani ya gari linalotoa moshi, mikono mitupu, kwa sababu wewe unataka akutembelee. Huyo mwanamke alitoka salama kwa bahati, wala bahati hiyo haikutoka kwako. Sitaki kusikia kwamba ulikuwa unaendelea tu kwa sababu ya simu. Unajua loki iliyolegea hufanya nini kwa vidole, basi unajua pia kukosa kisu hufanya nini.

Sasa pole, na pole hii natoa kwa moyo wote. Kubaki peke yako na mashine ya marehemu si jambo dogo, na kumtamani mtoto wako si kosa. Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwambia, "Wanjira, njoo nyumbani," na sikupaona. Ulimwambia habari za skrubu, naye akakujibu habari za skrubu. Angejuaje?

Lenox usimpe. Vaa viatu, kipeleke mwenyewe kituoni kwao, mchana, uulize langoni. Kabla ya kutoka kijaribu na glavu iliyolowa maji, kama unavyojua. Mwite kando, mbali na wenzake, umtie kisu mkononi kwanza, ndipo useme: kilikuwa tayari siku ile ile, nilikuzuilia kwa sababu nyumba imekuwa kimya na nilitaka uje. Usilie ili akuhurumie. Akikasirika mwache akasirike, ana haki, na usijitetee. Mkono wako wa kazi haujaharibika, ulichoharibu ni neno lako, na neno hurekebishwa kwa kusema kweli mara nyingi.

Jambo lingine, acha kupokea visu kwa mfuko. Kile cha kwanza kilikuwa kizuri kwa sababu mwenyewe aliketi hapo na glavu zake akakuambia kinapokwama. Hivi vya mfukoni unavipima kwa mkono wa nani? Kila mwenye kisu aje mwenyewe. Ni kazi inayotaka hivyo, si ujanja. Na huyo Lenox, kabla ya kumlaumu kwa helmeti, je, umewahi kumwambia aingie anywe chai?

Wanjira atachagua mwenyewe siku ya kuja, na huenda isiwe wiki hii wala ijayo. Usimpigie kila saa kumuuliza. Jioni ya siku utakayokipeleka utapika na hutakuwa na cha kufungua na kufunga, na nyumba itakuwa kimya kuliko ilivyo leo, sikudanganyi. Lakini yeye atakuwa kwenye zamu, na kisu kitakuwa kiunoni mwake. Nenda kesho.