Straton Amerudisha Pesa ya Serikali

Bweremana, tarehe 9 Februari 1969

Mpendwa kaka Théophile,

Jambo nyingi kutoka huku ziwani. Uko muzima? Dada Wivine je, ile homa imemuachilia? Tunawaombea kila Misa. Sisi tunapumua. Mama ameanza kutembea tena bila fimbo. Maharagwe yametoka mengi, lakini mvua inakataa kupumzika: tunaanika, tunaanua, tunaanika tena.

Kaka, kaa kwanza kwenye kiti. Bwana yangu Straton amerudisha pesa ya serikali. Yote! Nilikuwa pale Goma, niliona kwa macho yangu, na hata leo nikikumbuka ninashika kichwa.

Unajua namna mambo yalianza. Wewe njo ulituletea habari kwamba serikali inasaidia watu wenye kuvumbua vyombo, na Straton alikuwa na ile mashini yake ya kupura maharagwe: pipa lenye meno ya mbao ndani, unatia maharagwe kwa mudomo wa juu, unazungusha mpini, punje zinatoka chini safi. Karatasi ya biro, ile ofisi ya serikali pale Goma yenye kutoa pesa, ilikuwa na daraja tatu. Ya kwanza ya muntu mwenye wazo tu na mchoro. Ya pili ya yule ametengeneza chombo kimoja na anataka kukijaribisha na watu. Ya tatu ya yule chombo chake kimekwisha kujaribiwa na watu wengine mavuno nzima, sasa anataka kutengeneza vingi.

Uliandika kwamba tuombe ya tatu, kwa sababu njo yenye pesa ya kutosha. Sikulaumu, kaka. Wewe ulikuwa mbali. Mimi nilikuwa hapa, nilijua mashini imepura magunia mawili tu, tena maharagwe makavu, tena na Straton peke yake. Straton hasomi Kifaransa. Mimi njo nilijaza karatasi. Kwa swali la kama watu wengine wameitumia mavuno nzima, niliandika «Ndiyo». Nilimwambia bwana yangu kwamba ni maneno ya desturi tu.

Pesa ilitoka. Tulicheza! Straton akaita majirani waone mashini mbele ya kuanza kutengeneza zingine kumi. Unamukumbuka mujane Anastasie, yule wa kwenye kilima nyuma ya shule? Alileta maharagwe yake, yangali mabichi kwa ajili ya mvua. Yalikwama. Akaingiza mukono kwa mudomo wa pipa kuyasukuma, na yule jirani aliyezungusha mpini hakuona.

Kaka, sikujua muntu anaweza kulia vile. Tulimubeba kwa kipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa, mpaka hospitali ya Kirotshe. Waliokoa mukono, lakini vidole viwili vya kuume vilikwenda.

Nilipomuambia Straton kitu niliandika, hakunipiga, hakupandisha sauti. Aliuliza tu, «Constance, uliandika na jina langu?» Halafu siku mbili hakusema na mimi. Siku ya tatu alivaa shati ya Misa, tukapanda kamyo kwenda Goma.

Mukubwa wa biro ni Bwana Nzabandora, muntu wa miwani. Straton aliweka bahasha juu ya meza.

«Pesa yenu njo hii, Papa. Karatasi yangu ilisema uongo. Mashini haijakwisha. Imekata muntu.»

Bwana Nzabandora alimuangalia, akaangalia bahasha. «Kila siku watu wanakuja hapa kulia kwamba wamepewa kidogo. Wewe unarudisha?»

Nikasimama. «Ni mimi niliandika, Papa. Yeye hakujua.»

Bwana Nzabandora alifungua bahasha, akahesabu noti moja moja. Polisi alikuwa mulangoni, kaka, hatua tano tu! Nilifikiri watoto watalala bila mama. Mwisho akasema, «Kwa uongo huu ningewafunga. Lakini mwizi harudi na bahasha.» Akafungua kabati, akatoa karatasi ingine. «Munaona? Daraja ya pili. Pesa iko ndogo, lakini ni ya kujaribisha. Hapa njo mashini yenu inasimama. Mungeomba hii toka mwanzo.»

Nilitoka pale nikiwa kama muntu aliyepigwa na radi na akaendelea kutembea.

Bado nilibaki na deni la Anastasie. Nilikwenda kupiga magoti, nikamuambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanifukuza. Nilirudi nyumbani nikilia. Kesho yake asubuhi alikuja mwenyewe, mukono umefungwa kitambaa, hakunisalimu. Alimuambia Straton, «Leta ile kitu yako. Ninajua ilinishika wapi.»

Sasa anakuja kila siku. Amesema mudomo wa pipa uwe murefu kupita mukono wa muntu muzima, na Straton ameufanya. Mimi bado hanisemeshi sana. Lakini juzi, wakati nilijaza karatasi ya pili, kulikuwa pahali pa jina la mwenye kujaribu chombo. Nilitaka kumuandikia. Alinipokonya kalamu. Aliandika jina lake mwenyewe na mukono wa kushoto, pole pole, herufi moja moja, na sisi wote tulisimama tukiangalia mpaka akamaliza.

Musalimie sana Wivine, Omer na dada Emérence. Mama anasema usisahau kanisa. Mungu awafunike kwa mukono wake, awape usingizi wa amani.

Ni mimi mudogo wako, mwenye kukupenda siku zote,

Constance