Ukuta wa Wanaohama

Kabula mjukuu wangu,

Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, mwangaluka. Mimi nipo, ila magoti yamechoka kunibeba. Huku Kilosa mvua imekata mapema. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike.

Unauliza kama kuna maana kwenda kuchora ukuta wa shule yenu uliojengwa upya baada ya dhoruba, wakati wewe mwezi ujao unahamishiwa shule nyingine.

Nilikuwa binti mdogo kijijini kwetu Mwandoya upepo ulipobomoa ukuta wa nyumba yetu na kulaza pamba yote. Baba akaamua tuhame, lakini hadi siku ya safari tulihitaji pa kulala, kwa hiyo ukuta ukainuliwa tena. Majirani wakaja na majivu na udongo mwekundu, maana kwetu ukuta mpya hauachwi uchi. Mama alikuwa amekaa chini, hana nguvu.

"Mnapamba nyumba ya watu wanaohama?" mama akauliza.

"Wewe mayu, nenda zako," jirani yetu mama Minza akamtania, maana mayu kwetu ni mama, mikono yake imejaa udongo. "Atakayehamia humu naye ana macho."

Wakacheka, hata mama. Wakachora majani yaliyokuwa yakichipua katikati ya pamba iliyolala, yale yale tuliyozoea kuyang'oa kwa jembe. Mama akainuka, akachovya kidole, akaongeza jani moja karibu na mlango.

Tuliondoka ukuta ukiwa bado mbichi, na sikurudi tena. Tangu hapo nimehamia nyumba nyingi, na kila mara nilikuta kuta zilizopambwa na watu nisiowajua.

Nenda kachore, Kabula. Hata jani moja.

Bibi yako